Re: Dambulla na mama mwenye magoti mabovu, itawezekana?

Mkuu, umeuliza kama mama ataweza kupanda Dambulla, lile hekalu la mapangoni kule Sri Lanka, na kama siku moja kutokea mji wa Kandy inatosha. Siku inatosha kabisa, ni kilomita sabini na kitu tu, ila basi linajaza balaa na linasimama kila mahali so tokeni mapema. Kupanda ni ngazi na mwamba wenyewe, kama mita 160 juu ya tambarare, mama aende mdogo mdogo, apumzike njiani, saa nne asubuhi jua lishaanza kuchoma aisee. Na viatu mnavua mlangoni, lile jiwe linaungua kama kikaango, bebeni soksi!! mimi nilijifanya mjanja nikarukaruka kama kuku, wabibi wa pale wananicheka.

Ndani sasa... mapango matano, lile la kwanza lina Buddha amelala ubavu, mita kama 14, kachongwa kwenye mwamba huohuo. La pili ndo kubwa, hapo kaeni, inueni macho juu, dari yote imechorwa ikifuata mikunjo ya jiwe utadhani kitambaa kimetandikwa. Ni mfalme Valagamba alijificha humo akikimbia wavamizi, karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliporudi madarakani akageuza hekalu.

Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, kofia vua, na usipige selfi umempa Buddha mgongo, wanakasirika kweli. Chakula ficheni, nyani hawana adabu