Mkonge wa uani unaoza shinani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Dodoma, katika kiwanja kisicho na kivuli chochote. Mwaka jana nilipanda mikonge kando ya uzio, nami huimwagilia maji kila jioni. Sasa majani ya chini yamegeuka manjano na shina la mmoja limelainika. Je, niongeze maji au mbolea? Tena, ni kweli kwamba mkonge ukitoa mlingoti, yaani lile bua refu la maua, hufa? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiongeze kimoja wala kingine, kwa kuwa dalili ulizozieleza si za kiu, bali ni za mizizi inayokosa hewa katika udongo usiopata nafasi ya kukauka. Mkonge hufungua vitundu vya majani yake usiku hewa ikiwa imepoa, kisha huvifunga mchana wa jua kali, na kwa hiyo huvuka kiangazi chote kwa maji uliyoyaweka akiba katika majani yake manene. Jua la Dodoma ndilo hasa mkonge unalolitaka.

Ng'oa mapema huo uliolainika na uupasue shina. Ukikuta funza weupe wenye vichwa vya kahawia, hao ni watoto wa fukusi wa mkonge, na mmea huo uchomwe moto. Iliyobaki iache bila maji, uipandie tuta lililochanganywa na changarawe ili mvua za Desemba zisituame shinani.

Kuhusu mlingoti, ni kweli: mkonge huchanua mara moja tu, kisha hufa. Hata hivyo, usiukate mlingoti haraka, kwani baada ya maua kudondoka huota juu yake vimche vingi vidogo, ambavyo hukuzwa kitaluni kabla ya kuhamishiwa uani. Maotea yanayochomoza pembeni ya shina nayo hupandwa vivyo hivyo. Mkonge hauhitaji mbegu ili kuenea, na ndiyo sababu miche 62 tu iliyonusurika safarini kutoka Florida, ambayo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliileta Tanga mwaka 1893, ilitosha kuanzisha mashamba makubwa ya nchi yetu.

Unapopanda upya, iweke mikonge mbali na njia ya watoto angalau mita mbili, maana mwiba wa ncha ya jani huweza kutoboa jicho. Vaa glavu na mikono mirefu unapokata majani, kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi vibaya.