Nyota za mwezini zilikwenda wapi?

SWALI: Shikamoo, mpiga picha wetu. Mimi ni kijana wa Ngomeni, Malindi. Huku stima ikikatika usiku, nyota hujaa mpaka mtu ukaogopa. Mbona picha za Wamarekani waliotua mwezini mwaka 1969 zina mbingu nyeusi tititi, bila nyota hata moja? Kaka yangu anashikilia kuwa zilipigwa studio.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kakako na aje Lamu nimwonyeshe picha moja ya harusi.

Bi harusi kavaa nyeupe, mamake akataka apigwe juu ya paa, nyota zimzunguke. Tukawasha globu kubwa. Nilipopima mwanga kwa uso na nguo, bibi alitoka vizuri, lakini nyuma yake giza kama ndani ya kisima. Mama akanuna. Basi nikaweka kamera kwenye stendi, nikaacha shata, kijilango cha kamera kinachoingiza mwanga, wazi sekunde 15. Nyota zikaja, mashallah! Bi harusi naye akaungua: pua hana, macho hana, kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Picha ile sikulipwa.

Mwezini ni paa lile lile, ila globu yenyewe ni jua. Weusi wa mbingu ndio unaowapoteza watu, wakadhani ni usiku. Ulikuwa mchana! Sisi mbingu yetu huwa buluu kwa sababu hewa hutawanya mwanga wa jua. Mwezini hewa ya kufanya kazi hiyo hakuna, kwa hiyo jua linawaka na mbingu ni nyeusi. Mtu kavaa suti nyeupe, kasimama juani: shata utaifungua kiasi gani? Wao na kamera zao za Hasselblad walitumia kama sehemu moja ya 250 ya sekunde, sawa na nitakavyompiga punda hapa Mkunguni saa sita mchana. Muda huo nyota haijabisha hata hodi kwenye filamu.

Na walipozitaka nyota, walizipata. Aprili 1972, safari ya Apollo 16 ilibeba kamera ya pekee iliyobuniwa na George Carruthers, ya kunasa mwanga wa urujuanimno ambao macho yetu hayauoni. Waliitega kwenye kivuli cha chombo chao, wakaipa muda wa kutosha. Nyota zilitoka.

Shata ndefu ina balaa yake pia. Kituo cha anga huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, zaidi ya kilomita 7 kila sekunde, kwa hiyo taa za miji huburuzika pichani kama taa za Shela ukizipiga kutoka mashua inayokwenda. Mwanaanga Don Pettit, alipokuwa huko kati ya 2002 na 2003, aliunga vipuri, bolti na drili, kamera ikawa inageuka pole pole kuufuata mji unaopita chini. Fundi wa kweli yule, hata gereji ya Malindi angepata kazi.

Jioni mwite kakako barazani, taa iwake usoni mwake. Mpige kwa simu, mbingu ikiwa nyuma. Kisha zima taa, egemeza simu kwenye jiwe, uiweke sekunde 10, naye asijitikise. Ukimaliza niletee zote mbili.