Maswali na majibu: Kipindi cha saa nzima kila wiki kinatushinda, tubadilishe nini?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mwenzangu tunaendesha podikasti ya mahojiano na watu wa kazi za mikono. Tumeshatoa vipindi 84, kila Jumatatu, na kila kimoja kina dakika 60 hadi 75. Mwanzoni tuliweza. Sasa tunachelewa mpaka Jumatano, na mwezi uliopita tuliruka wiki mbili. Tukijumlisha muda wetu sote wawili tuna saa 6 tu kwa wiki. Idadi ya upakuaji nayo inashuka taratibu. Tunafikiria kutoa kila baada ya wiki mbili, au kwa misimu, na kufupisha hadi dakika 28 hivi, ila tunaogopa kupoteza wasikilizaji tulionao. Na je, tuanzishe podikasti mpya au tuendelee na hii hii?

Jibu: Ndugu msomaji, poleni kwa uchovu, na hongereni kwa vipindi 84, hiyo ni kazi kubwa. Endeleeni na podikasti hiyo hiyo na mhamie wiki mbili. Lakini msianze na kalenda. Anzeni na muundo, kwa kuwa muundo ndio unaokula saa zenu, na saa ndizo zitakazowaambia ratiba gani mnaiweza.

Hebu tupige hesabu ya kipindi chenu cha sasa. Kumtafuta mgeni na kuandaa maswali, tuseme saa 3. Kurekodi, pamoja na kupanga vifaa na kupima sauti, saa 1 na dakika 45. Kuhariri mazungumzo ya dakika 65 kwa kasi ya kawaida, yaani kama dakika 4 za kazi kwa kila dakika ya sauti, ni zaidi kidogo ya saa 4. Kusawazisha sauti, maelezo, kichwa na kupakia, saa 1 na nusu. Jumla ni saa 10 na ushei kila wiki, nanyi mna 6. Kwa hiyo kuchelewa kwenu si uvivu, hesabu yenyewe haikubali.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani kipindi kifupi kina kazi ndogo. Mkiendelea kuongea na mgeni dakika 50 kisha mkakata hadi 28, kazi inaongezeka: lazima msikilize yote mkiweka alama (saa 1), kisha mchague, mhamishe na kuunganisha (saa 3 na nusu), na maandalizi yanapanda hadi saa 4 maana maswali yanahitaji kunolewa. Ongezeni kurekodi saa 1 na robo, na kumalizia saa 1 na nusu kama awali: mnafika saa 11 na robo. Katika wiki mbili mna saa 12, kwa hiyo mnabaki na dakika 45 tu za dharura. Mgeni mmoja akiahirisha, mmerudi pale pale.

Dawa ni kurekodi kifupi. Lengeni dakika 35 za kurekodi kwa 28 za kutoa. Maandalizi saa 4, kurekodi saa 1, kusikiliza na kuweka alama dakika 45, kuhariri saa 2 na nusu, kumalizia saa 1 na nusu: saa 9 na dakika 45. Hapo mna zaidi ya saa 2 za akiba katika kila mzunguko. Kabla ya kuamua, pimeni saa zenu halisi kwa vipindi viwili. Hizi zangu ni za kukisia, na kila mhariri ana kasi yake.

Ili dakika 35 zitoshe, maswali lazima yabadilike. Chukueni mfano wa mgeni seremala. Mkimwuliza "Tuambie kidogo historia yako, ulianzaje useremala?" atazungumza dakika 4 au 5 kabla ya kufika kwenye jambo linalomfanya msikilizaji asogeze sikio. Historia hiyo semeni ninyi wenyewe kwa sentensi mbili katika utangulizi, kisha mfungue na: "Mlango wa kwanza uliorudishwa na mteja ulikuwa na kasoro gani?" Jibu litaanza na bawaba, mbao iliyopinda, au vipimo vilivyochukuliwa kabla sakafu haijamalizwa. Maswali 6 ya aina hiyo yanatosha. Mkiwa na 12, mtakimbizana na saa na kumkatiza mgeni pale anaponoga.

Wakati wa kupunguza kutoka 35 hadi 28, toeni swali zima pamoja na jibu lake. Msinyofoe sekunde tano hapa na kumi pale, kwa sababu kazi hiyo haina mwisho na mazungumzo yanapoteza pumzi yake. Kisha sikilizeni tena mkitafuta kauli zilizobaki yatima: "kama nilivyosema pale mwanzo", wakati mwanzo wenyewe mmeuondoa. Mkato uwe kabla ya mgeni kuvuta pumzi, si baada, la sivyo sentensi inaanza kama mtu aliyekurupushwa. Na kila mnaporekodi, chukueni sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho hicho, wote mkiwa kimya. Ndizo za kuziba mapengo. Ukimya mtupu wa kompyuta katikati ya maongezi humfanya msikilizaji adhani simu yake imekatika.

Kuhusu namba kushuka, msiziamini namba za upakuaji peke yake. Tangu iOS 17 ya mwaka 2023, programu ya Apple Podcasts haimpakulii tena rundo la vipindi vya nyuma mtu aliyeacha kusikiliza kisha akarudi. Podikasti zenye vipindi vingi ziliona namba zikipungua bila wasikilizaji kuondoka. Faili kushuka kwenye simu si sawa na mtu kusikiliza.

Kinachosema kweli ni grafu ya usikilizaji ndani ya kipindi. Mtaipata Apple Podcasts Connect na Spotify for Creators. Fungueni vipindi 8 vya mwisho na muangalie mahali mstari unapoanguka. Ukianguka ghafla ndani ya dakika 2 za kwanza, tatizo ni utangulizi: muziki mrefu, salamu, matangazo yenu wenyewe. Ukishuka polepole tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo ni kawaida. Ukienda sawa mpaka dakika ya 30 kisha ukaporomoka, basi dakika 28 ni uamuzi mzuri. Lakini ukibaki juu mpaka dakika ya 55, wasikilizaji wenu wanapenda urefu. Hapo nisingefupisha hata kidogo, ningebadilisha ratiba tu. Mkumbuke pia kwamba Apple humhesabu msikilizaji kuwa amezama akisikiliza angalau dakika 20, au asilimia 40 ya kipindi, kwa mkao mmoja. Asilimia 40 ya dakika 28 ni dakika 11 na ushei, kwa hiyo namba hiyo inaweza kupanda baada ya kufupisha bila mtu yeyote kusikiliza zaidi. Msishangilie mapema.

Na msiogope mwezi wa kwanza. Kutoka vipindi vinne hadi viwili kwa mwezi, upakuaji wa mwezi utashuka, pengine karibu nusu, hata kama hakuna aliyewaacha. Linganisheni kipindi kwa kipindi: upakuaji wa siku 7 za kwanza na wa siku 30. Tumieni namba ya kati ya vipindi 8 (ile inayoangukia katikati mkizipanga kutoka ndogo hadi kubwa) badala ya wastani, kwa maana mgeni mmoja maarufu anaweza kuuvuta wastani juu na kuwapotosha. Msitoe hukumu kabla ya vipindi 6 vya muundo mpya, yaani wiki 12.

Misimu ni mizuri pale vipindi vinapofuatana kwa mada, au mnapojua kwamba kuna miezi hamtaweza kufanya kazi. Kwenu sioni haja ya kuanza nayo. Mkiichagua, angalieni mpangilio mmoja kwenye mlisho wa RSS, yaani faili ambalo programu za podikasti husoma ili kupata vipindi vyenu: `itunes:type`, ambao huwa ama `episodic` au `serial`. Mtu akisikia neno msimu hukimbilia `serial`. Hiyo ni ya simulizi inayoanza mwanzo, na programu humpeleka msikilizaji mpya kwenye kipindi cha zamani kwanza. Mahojiano yanayojitegemea yabaki `episodic`, ambayo inaruhusu namba za misimu pia. Namba zenyewe wekeni kwenye sehemu zake maalumu, zisijaze kichwa cha kipindi.

Podikasti mpya? Hapana. Mkianzisha mlisho mpya, kila mfuasi lazima atafute na kubonyeza upya, na wengi hawatafanya hivyo kwa sababu hawatajua hata kama mmehama. Mlisho mpya unafaa pale mada, lugha au walengwa wanapobadilika kabisa. Urefu na siku ya kutoa si sababu.

Ndani ya mlisho wenu kuna kitu kimoja cha kutoguswa: `guid` ya vipindi vya zamani. Ndiyo alama ambayo programu hutumia kutambua kipindi. Ikibadilika, kipindi huonekana kipya, na mfuasi anaweza kuamka akute vipindi 84 vimemwagika kwenye simu yake. Hutokea hasa watu wanapofuta kipindi na kukipakia upya ili kurekebisha kosa dogo. Badilisheni faili la sauti tu, `guid` ibaki ile ile. Aliyekwisha kupakua atabaki na faili la zamani, na hilo halina tiba.

Mabadiliko yatangazeni mara mbili, mwanzoni mwa vipindi viwili vya mwisho vya ratiba ya sasa, kwa sekunde 20: siku gani, kila baada ya muda gani, dakika ngapi. Watu wengi huzima kabla ya mwisho, ndiyo maana nasema mwanzoni. Kisha rekodini kionjo kipya cha sekunde 60 hadi 90, mkiweke kwenye mlisho kama `trailer`. Futeni pia maneno "kila Jumatatu" kwenye maelezo ya podikasti. Hayo husahaulika, na msikilizaji mpya huona ahadi isiyotimizwa.

Upande wa sauti, mono (mkondo mmoja wa sauti) ya 96 kbps, yaani kilobiti 96 kwa sekunde, inatosha kwa maongezi: kama MB 0.72 kwa dakika, kwa hiyo dakika 28 ni MB 20 hivi. Sauti ibaki kwenye -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kilele kisizidi -1 dB, sawa na mlivyozoea kama ndivyo mlivyokuwa. Kipindi kipya kikiwa na sauti ya juu au ya chini kuliko cha wiki iliyopita, msikilizaji atalalamikia hilo kabla ya urefu.

Mwisho, msizindue mpaka muwe na vipindi 3 vilivyokamilika kabisa, vimepakiwa na kupangiwa saa. Hiyo ni akiba ya wiki 6. Kagueni kama saa ya mtambo wenu wa kupakia ni ya UTC, saa ya kimataifa, au ya mahali mlipo, kwa kuwa kosa hilo hutoa kipindi usiku wa manane. Akiba ikishuka hadi kipindi 1, wiki hiyo rekodini wageni wawili siku moja, vifaa vikiwa tayari vimepangwa. Mkishindwa hilo mara mbili mfululizo, nendeni mara moja kwa mwezi na mwatangazie wasikilizaji mapema.