Ukoko wa Mnazi Una Jina Lake

Barua nne mwezi huu, na zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza kuhusu kuvu. Nilifundisha baiolojia miaka thelathini na moja katika shule za Mombasa, na sijawahi kuchoka na swali hili. Nimezijibu hapa barazani kwangu, Mji wa Kale, lenzi mkononi.

Kutoka Kisauni

*Shikamoo Mwalimu. Minazi yangu kumi na miwili imejaa madoa ya kijivu kuanzia kimo cha goti kwenda juu. Muuza dawa mmoja alipita akaniambia ni kuvu inayofyonza maji ya mti. Akapuliza dawa mara mbili, nikalipa mara mbili, na madoa yapo vilevile. Binti yangu ametafuta kwenye simu akapata majina matatu: Lichen cocoes, Pyxine cocoes, na tena Pyxine cocoes yenye mkia wa "(Sw.) Nyl." Nishike lipi? Na minazi niikate? Nimekutilia kipande cha gamba kwenye bahasha.*

Marahaba, ndugu yangu. Usikate hata mmoja. Na pole kwa pesa yako, imeniuma.

Kipande chako kimefika kizima. Doa lenyewe lina upana kama wa sarafu ya shilingi ishirini. Rangi yake ni ya majivu ya mkaa, na ukingoni limegawanyika vidole vyembamba vilivyolala bapa, vikang'ang'ania gamba kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Kuelekea katikati kuna unga unaobaki kidoleni ukiugusa. Nilidondosha tone moja la maji kwa njiti ya kiberiti, nikangoja. Kijivu kikaanza kuingia ukijani. Ule ukijani ni mwani mdogo sana, chembe moja moja, unaoishi chini ya ngozi ya kuvu na kuipikia chakula kwa mwanga wa jua. Kuvu na mwani wakiishi hivyo, nyumba moja, ndio tunaita laikeni.

Usiku nikaenda hatua nyingine. Mpwa wangu ana duka Marikiti, na kaunta yake ina kitaa cha zambarau cha kukagulia noti bandia. Nilikiazima. Nilizima taa za nyumba nzima, nikafunga na dirisha, nikakielekeza kitaa kwenye gamba lako. Doa likawaka manjano kama kiini cha yai, na gamba lililolizunguka likabaki giza. Nimeliona jambo hili mara nyingi, na usiku ule bado nilimwita jirani aje aone.

Manjano ile inatoka kwenye kemikali inayoitwa laikeksanthoni, iliyo katika ngozi ya juu. Kuna mwenziwe, Dirinaria picta, anayekaa kwenye minazi hiyohiyo; mchana ukiwaweka pamoja utawachanganya, hata mimi nimewachanganya. Lakini huyo kitaa cha noti hakimpi manjano hiyo. Kwa hiyo naweza kukuandikia bila wasiwasi: ulichonacho ni Pyxine cocoes.

Haimnyonyi mnazi. Haina mizizi, haifikii maji ya mti, chakula chake inakipata kwa mwani wake. Shina la mnazi linampa mahali pa kushika na jua la kutosha, basi. Kama nazi zimepungua, tazama juu, kwenye makuti machanga: kama yamekatwa umbo la pembe tatu, kuna mbawakavu mwenye pembe anatoboa moyo wa mnazi. Huyo ndiye wa kushughulikiwa.

Sasa majina. Yote matatu ni ya kiumbe kimoja, na ule mkia ambao binti yako aliuona kama uchafu wa maandishi ndio unaobeba historia. "Sw." ni Olof Swartz, Mswidi aliyezunguka visiwa vya Karibi. Mwaka 1788 alikiandika kiumbe hiki kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa kilikuwa cha minazi akakiita "cocoes", yaani cha mnazi. Mbele yake akaweka "Lichen", maana wakati huo karibu laikeni zote za dunia zilikuwa na jina moja la mbele. Linnaeus, baba wa majina haya ya Kilatini, aliziacha hivyo mwaka 1753, kama themanini hivi katika jenasi moja, yaani kundi moja lenye jina moja la mbele. Ni sawa na kuita kila anayeshuka kivukoni Likoni "abiria" na kuishia hapo.

Aliyeanza kuipasua jenasi ile kwa bidii ni Erik Acharius, mwanafunzi wa Linnaeus mwenyewe. Alitazama vikombe vidogo vinavyotoa mbegu, jinsi kiwiliwili kilivyoshika gamba, akazitenga moja moja. Baadaye William Nylander wa Finland, ndiye "Nyl.", akaihamishia ya kwako katika jenasi ya Pyxine. Kanuni inasema hivi: jina la mbele linaweza kubadilika kiumbe kinapogunduliwa ni cha ukoo mwingine, lakini jina la pili la aliyetangulia linahama nacho. Swartz akatiwa kwenye mabano kwa kuwa ndiye wa kwanza, Nylander akakaa nje kwa kuwa ndiye aliyehamisha. Binti yako alikuwa anasoma hati ya kuhama nyumba. Mwambie ashike Pyxine cocoes.

Aliyekuuzia dawa alikuwa na neno moja, "kuvu", kwa kila kitu kinachoota juu ya kingine. Neno moja hilo limekugharimu mara mbili.

Kutoka Changamwe, mwanafunzi wa kidato cha nne

*Mwalimu, tumefundishwa kuvu si mmea. Mbona basi majina yake yanafuata kanuni za mimea? Na ikiwa laikeni ni viumbe viwili, jina ni la nani?*

Swali lako la pili liliwagombanisha wakubwa, mwanangu, kwa hiyo usione haya kuuliza.

La kwanza nitalipita upesi. Kuvu haina ukijani wa kujitengenezea chakula, na kuta za seli zake zina kitini, kitu kilekile kilicho katika gamba la kaa na kamba. Kwa hiyo ni kweli, si mmea. Robert Whittaker aliipa himaya yake, kando na mimea na wanyama, mwaka 1969. Lakini kanuni za majina zilikuwepo zamani, watu wa mimea ndio waliokuwa wakiyaandika, na kuzihamisha kungevuruga maelfu ya majina. Mwaka 2011, katika mkutano wa wataalamu wa mimea huko Melbourne, kanuni zenyewe zilibadilishwa jina zikawa za "mwani, kuvu na mimea". Tangu Januari 2013 jina jipya la kuvu halihesabiki mpaka lisajiliwe na kupewa namba. Ukikutana na jina Persoon kwenye vitabu, jua kwamba mmoja wa waliojenga msingi wa majina haya alizaliwa Afrika, huko Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1761. Kitabu chake cha 1801 bado kinatajwa.

La pili sasa. Hadi karibu miaka ya 1860 laikeni ilihesabiwa kiumbe kimoja. Simon Schwendener, Mswisi, alipochungulia kwa darubini akasema hapana, hapa kuna kuvu, na ndani yake kuna mwani. Akaliandika wazi mwaka 1869. Wataalamu wa laikeni wakamkatalia. Mmojawapo ni huyohuyo Nylander wa mnazi wa Kisauni, aliyezijua laikeni kuliko karibu yeyote wa wakati wake, na aliyekataa hadi alipofariki mwaka 1899. Nalitaja hili kwa heshima kwake. Alikuwa ametumia umri wake kuwapa majina viumbe hawa, na mtu mmoja akaja kumwambia kila jina lina watu wawili ndani.

Schwendener alikuwa na haki. Kanuni zikaamua hivi: jina la laikeni ni jina la kuvu yake, na mwani unabaki na jina lake. Kwa hiyo kwenye bahasha ya Kisauni kuna majina mawili: Pyxine cocoes, ambayo ni kuvu, na ndani yake Trebouxia, ambao ni mwani. Na mwani wenyewe kwa aina moja unaweza kukaa na kuvu za spishi mbalimbali. Ndiyo maana laikeni zimetawanywa ndani ya ukoo wa kuvu, hazina ukoo wao peke yao. Kuishi na mwani ni kazi ambayo kuvu tofauti zimeianza kila moja kwa wakati wake.

Kinyume chake pia kipo. Bleiti, ugonjwa wa viazi ulioleta njaa Ireland kuanzia 1845, ilihesabiwa kuvu miaka mingi. Leo imetolewa humo, na miongoni mwa ndugu zake ni mwani wa kahawia wa baharini. Kwenye mtihani andika hivyo.

Kutoka Kongowea

*Bi Mwalimu, mimi nauza mahindi sokoni. Mteja amenirudishia gunia, anasema lina kuvu ya sumu. Mie nimeona unga wa kijani-manjano kwenye punje chache tu, nikataka kuosha na kuanika. Mkate nyumbani pia huota kuvu na tunakata kipande tunakula. Si kuvu ni kuvu tu?*

Dada yangu, hapana, na nakuomba sana gunia hilo usiliuze wala usiwape kuku.

Kuvu ya mkate mara nyingi ni Penicillium ama Rhizopus, na hata hiyo sikushauri uile, kwa kuwa nyuzi zake hupita ndani ya mkate mbali na pale unapoliona doa. Ya mahindi yako, kwa maelezo haya, naihofia kuwa Aspergillus flavus. Jina la mbele alilitoa padri Pier Antonio Micheli mwaka 1729. Aliitazama kwa darubini akaona shina lenye kichwa cha duara kilichotapakaa chembe, kikamkumbusha chombo cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Jina la pili lilitolewa na Mjerumani Link mwaka 1809, na maana yake ni manjano. Ukichukua herufi A ya jina la kwanza na "fla" ya jina la pili, ukaongeza neno la sumu, unapata aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu.

Mwaka 2004, Mashariki mwa nchi yetu, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Nilikuwa bado nafundisha. Niliandika jina lile ubaoni kwa chaki ya manjano nikakataa kulifuta kwa wiki nzima.

Kuosha kunaondoa unga unaouona, sumu inabaki ndani ya punje. Kuchemsha hakuiondoi, inahimili moto wa jikoni. Na huwezi kuiona kwa macho: punje safi inaweza kuwa nayo. Kinachosaidia ni kukausha mapema, unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake, kuanika juu ya turubai wala si mchangani, na kuweka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa hewa yetu ya pwani, gunia lililokauka vizuri bara linaweza kuvuta unyevu upya likiwa kwako. Ukinunua, penyeza mkono mpaka katikati.

Ukisikia mtu akiitaja kuvu hii Petromyces flavus, ni ileile. Kuvu nyingi zilikuwa na majina mawili, moja la hali ya kuzaana kwa jinsia na jingine la hali isiyo na jinsia, na ya kwako ilipewa hilo la hali ya jinsia, Petromyces, mwaka 2009. Mkutano uleule wa Melbourne wa 2011 uliondoa mtindo huo: kuvu moja, jina moja. Likabaki Aspergillus, na nafurahi, kwa sababu ndilo linalojulikana na wanaopima mahindi.

Kutoka Mtongwe

*Binti yangu, babu yangu alikuwa akitaja malele, akisema Wazungu waliyanunua zamani. Wajukuu wananiambia hakuna neno kama hilo. Juzi nimeona kwenye mikoko vitu vyeupe vinavyoning'inia kama vitambaa vilivyochanika. Ndiyo yenyewe? Ni mwani?*

Shikamoo mzee wangu. Neno lipo, waambie hivyo wajukuu. Malele ni laikeni, na ile ya mikoko yetu nadhani ni Roccella montagnei, iliyopewa jina la Camille Montagne, tabibu wa jeshi la Ufaransa aliyegeuka mtafiti wa kuvu. Karne ya 19 ilisafirishwa kutoka Unguja na pwani hii kwenda Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau ya nguo. Rangi za viwandani ndizo zilizoiua biashara hiyo. Hata karatasi ya litmasi wanayochovya wajukuu wako maabara ilitokana na laikeni za jenasi hii.

Jaribu hivi: kata kipande kisichozidi ukucha, kikwaruze kidogo, udondoshe tone la dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ikiwa ndiyo, pale palipokwaruzwa patakuwa pekundu mbele ya macho yako, halafu wekundu utafifia. Fanya nje, mbali na nguo.

Kipande kingine nitilie kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, maana ndani ya plastiki kitaota kuvu nyingine. Nitakipeleka Nairobi, kwenye hazina ya mimea iliyokaushwa ya makumbusho ya taifa. Juu ya bahasha andika siku, mahali, na kama ulikuwa ni mkoko, mchu au mkandaa. Na uandike "malele" kwa mkono wako, pale watakapoandika wao jina la Kilatini.