Bango kubwa kwenye ukuta wa matofali bila skrubu kuonekana

Mteja akishasema hataki kuona hata kichwa kimoja cha skrubu, swali linalofuata nalijua: basi tutumie gundi gani? Kwa kibao cha namba ya mlango, gundi yoyote nzuri ya nje inatosha. Kwa bango la mita 3 kwa 1 mimi sikubali, hata mwenye duka la gundi aape vipi.

Tatizo si gundi, ni tofali. Uso wake una vumbi, unafyonza maji na haujanyooka, kwa hiyo bamba bapa linagusa vile vilima tu na pengine pote ni hewa. Ukuta ukilowa na kukauka, chumvi nyeupe inatoka ndani na kusukuma chochote kilichobandikwa juu yake. Nimeshabandua mabango yaliyoanza kulegea nikakuta gundi nzima kabisa, imeng'ang'ania ngozi nyembamba ya tofali iliyomenyuka ukutani. Gundi ilifanya kazi yake, tofali ndilo lililoachia.

Halafu kuna upepo, ambao watu wengi hawauweki kwenye hesabu. Bango hilo la mita 3 kwa 1, likiwa la alumini ya tabaka (karatasi mbili nyembamba zilizobana plastiki katikati) ya milimita 3, lina uzito wa kilo 12 hivi. Mtu mmoja analibeba. Lakini upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, unaweza kusukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 55 hivi. Kwa bango zima hiyo ni zaidi ya kilo 160, na pembeni mwa jengo nguvu hiyo mara nyingi inavuta kwenda nje badala ya kukandamiza ukutani. Kwa hiyo usijiulize tu kama bango litabaki juu. Jiulize kama halitang'oka.

Njia ninayoipenda ni reli mbili zinazonasana. Chukua ubao au alumini, pasua kwa urefu kwa mkato wa nyuzi 45. Nusu moja inafungwa ukutani, ncha kali ikitazama juu na mteremko ukielekea ukutani; nusu ya pili inafungwa mgongoni mwa bango ikiwa kinyume. Ukilishusha bango, zinashikana kama vidole vilivyokunjwa, na kadiri uzito unavyovuta chini ndivyo bango linavyovutwa ukutani. Reli za alumini zilizokunjwa tayari kwa kazi hii zinauzwa pia, na kwa bango la nje nazichagua hizo kuliko mbao.

Weka jozi mbili, juu na chini. Reli ya juu ndiyo inayobeba uzito. Ya chini kazi yake ni kuzuia bango lisipigepige, kwa hiyo ipe nafasi ya milimita moja hivi isigombanie mzigo na ya juu. Pima umbali kati ya reli mgongoni mwa bango lenyewe, si kwenye mchoro.

Sasa ukuta. Vuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho kabla hujagusa drili, utaona matumbo na mabonde ambayo macho hayakuyaona. Reli ifuate uzi, isifuate ukuta. Penye bonde weka vipande vya plastiki au chuma cha pua nyuma ya reli mpaka inyooke. Ukiacha reli ijikunje na ukuta, bamba linalong'aa litaonyesha mawimbi yote jua likipiga kwa ubavu, na hakuna atakayeamini kwamba kosa ni la ukuta.

Kutoboa tofali au maungio (saruji au chokaa iliyo kati ya matofali)? Mafundi hubishana. Kwa mzigo mkubwa mimi natoboa katikati ya tofali zima, mbali na kingo. Maungio yana faida moja, shimo lake linazibika bila kovu, lakini kwenye ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa ni laini mno kukabidhiwa bango. Angalia vumbi linalotoka: likiwa jekundu uko kwenye tofali, likigeuka la kijivu umeingia kwenye saruji. Biti ikizama ghafla kana kwamba hakuna kitu, hilo ni tofali lenye matundu ndani. Zima kugonga kwa drili, toboa kwa kuzungusha tu, kwa sababu kugonga kunavunja kuta nyembamba za ndani. Hapo fisha ya kawaida (kile kipande cha plastiki kinachoshika skrubu) haina pa kushika; tumia nanga ya dawa, yaani gundi ya kemikali, yenye mfuko wa wavu, ile inayogandia ndani ya matundu. Na katika shimo lolote, piga brashi na upulize vumbi litoke. Dawa iliyomwagwa juu ya vumbi inashika vumbi.

Mgongoni mwa bango mambo yanageuka. Bamba la milimita 3 halipokei skrubu bila ncha kutokeza mbele, na hapa ndipo gundi ya nguvu inapofaa kweli, kwa sababu alumini ni safi, laini na imenyooka. Hata hivyo napenda zaidi kukunja kingo za bamba zirudi nyuma milimita 40 hivi, liwe kama sinia, kisha kulifunga pembeni kwenye fremu ya mirija ya alumini. Reli inafungwa kwenye fremu, na upenyo wa nyuma nao unafichika.

Bado bango linaweza kuinuliwa na mtu au na upepo. Lifunge kwa skrubu moja au mbili kwenye ukingo. Likiwa juu ya kichwa, ziweke ukingo wa juu; likiwa chini ya macho, ukingo wa chini. Ziwe karibu na katikati, ncha mbili ziachwe ziteleze. Joto likibadilika kwa nyuzi 40, alumini ya mita 3 inarefuka karibu milimita 3, na akriliki (plastiki ngumu ya mabango) zaidi ya milimita 8. Ukiikaba kotekote itapinda. Kumbuka pia kuacha nafasi juu ya bango ya kulinyanyua lipite ncha ya reli. Nimeona reli nzuri kabisa zikifungwa chini ya kingio la paa mahali ambapo bango haliwezi kuingia kamwe.

Kuhusu silikoni kuzunguka kingo, mimi siweki. Maji yatapata njia ya kuingia tu, na ukiziba chini yatakaa humo na ukuta. Acha milimita 15 au 20 nyuma, juu na chini pawe wazi, ukuta upumue. Mteja akishikilia sana, ziba ukingo wa juu peke yake.