Kwa mwalimu mpya aliyepangiwa Micheweni: anza na kalenda ya bamvua

Dada uliyeuliza, assalaam alaykum. Umesema unatoka Mjini Unguja, umepangiwa kufundisha wilaya ya Micheweni, kaskazini Pemba, na hata begi hujafunga watu wameshakushauri uombe uhamisho kwa kuwa "huko hakuna kitu". Mimi nimefundisha upande huo kwa miaka, ukanda wa Kiuyu na Maziwa Ng'ombe, na Pemba bado naishi. Nakwambia nenda. Na kabla ya habari ya nyumba na chakula, jifunze bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana.

Pemba ya karafuu unayoisikia, yenye mabonde na udongo mzuri, iko zaidi magharibi na katikati ya kisiwa. Mashariki ya Micheweni ni mawe matupu. Watu wanapanda muhogo kwenye vibonde vyenye udongo kidogo, wanagonga kokoto, wanavua, na akina mama wanalima mwani. Kilimo hiki cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba, na ukifika pwani ya kwetu utaona vigingi na kamba mpaka macho yachoke.

Mwani haulimwi kila saa. Mkulima anashuka maji yakitoka sana, yaani yakipwa, wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Na kwa bahari yetu, siku za bamvua maji hutoka kabisa kwenye saa nne asubuhi. Saa nne, dada! Ndiyo saa ambayo wewe uko ubaoni na zamu ya asubuhi. Siku inayofuata yanachelewa karibu saa nzima, hivyo bamvua likianza kupungua ni zamu ya mchana inayoguswa. Ndio maana utaona darasa limejaa wiki hii, wiki ijayo viti vitupu, kisha wanarudi wote kama hakuna kilichotokea. Wageni wengi huandika kwenye ripoti kwamba watoto wa huku ni watoro na wazazi hawajali elimu. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu ukishuka pwani asubuhi hiyo utamkuta mtoto anamsaidia mama yake kufunga mbegu kwenye kamba, na pesa ya mwani ule ndiyo inayonunua sare na madaftari yake. Ikiwa mama hakuvuna, mtoto hana daftari.

Sisi tulifanya hivi. Mitihani ya majaribio na mada ngumu tuliziweka siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Huhitaji kitabu cha majira ya maji. Tazama tarehe za Kiislamu. Mwanzo wa mwezi na katikati, kuanzia kumi na nne hadi kumi na saba, ni bamvua. Kwenye tarehe saba au nane, na ishirini na mbili au tatu, ni mafu. Mkutano wa wazazi vilevile: uite asubuhi ya mafu, maji yamejaa, hakuna wa kushuka pwani. Tulipoanza hivyo, akina mama walijaa hadi nje ya ukumbi, na hao ndio wenye uamuzi wa mtoto asome au asisome. Ukiuita siku ya bamvua watakuja wazee watatu na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Mwalimu mkuu akisita, zungumza naye kwa adabu, mwoneshe daftari la mahudhurio la miezi miwili mitatu kando ya kalenda ya mwezi. Daftari lenyewe litasema.

Jambo jingine ni dago. Wavuvi wetu huhama na vyombo vyao kufuata samaki, wengine mpaka pwani ya Kenya, na wavulana wa madarasa ya juu huchukuliwa. Hili ni gumu kuliko mwani, kwa sababu kijana akishaonja pesa ya dago kurudi darasani ni kazi. Wa kuzungumza naye hapo ni nahodha, si baba. Nahodha akisema "soma kwanza, chombo kitakungoja", kijana anasikia.

Wakulima wa mwani wana shida zao ambazo utazisikia kila siku. Kuna mwani mwembamba na mwani mnene. Mnene una bei nzuri zaidi, lakini bahari ikipata joto unaugua, unageuka mweupe na kukatika. Wataalamu wanashauri kwenda maji ya kina kwa maboya, ila huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakufundishwa. Ukiwa mwalimu wa sayansi, hilo ni somo tayari liko mlangoni: joto la maji, chumvi, karajinani inayotolewa kwenye mwani na kutiwa kwenye dawa ya meno na vyakula. Mtoto akijua kwamba kazi ya mama yake inafika viwandani ughaibuni, anakaa wima.

Hayo ya "hakuna kitu" siyajibu kwa urefu. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga upo Pemba tangu 2010. Samaki nenda mnadani Tumbe. Mapumziko, nenda msitu wa Ngezi ukaone popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani, halafu endelea mpaka ufukwe wa Vumawimbi na mnara wa Ras Kigomasha. Ila maji ya kunywa ulizia mapema, kwani visima vingi vya ukanda wa mawe vina chumvi. Nunua ndoo zenye vifuniko hukohuko Konde.

Ukifika, nenda kwa sheha kabla ya kutafuta nyumba. Yeye anajua nani ana chumba na nani atakupokea kama mwanawe. Na kwenye meli, mtu wa Pemba akinyamaza mnapokaribia mkondo wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, usimtanie. Meli ya Spice Islander ilizama huko Septemba 2011 ikielekea Pemba, na kuna familia hazijasahau. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, bahari ni nzito, kwa hiyo ukiweza safiri msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini, au ngoja siku tulivu.

Ukishajua shehia yenyewe, yaani eneo la sheha, iandike hapa. Nikiwa na ninayemfahamu kwenye skuli hiyo nitakuunganisha naye.