Saa ya kugeuka ipange ukiwa bado nyumbani

Tulikubaliana saa nane mchana. Tuliandika kabisa, kwa kalamu, nyuma ya ramani: popote tutakapokuwa ikifika saa nane, tunageuka. Saa nane na dakika kumi tulikuwa tumesimama kwenye bega la mlima, watu watano, tunahema, na kilele tunakiona. Kilikuwa pale pale mbele yetu, ungeweza kuhesabu mawe yake. Mmoja wetu akasema, "Tumetoka kote huko, halafu tugeuke kwa ajili ya nusu saa?" Hakuna aliyemjibu. Aliyeiandika ile saa nane nilikuwa mimi, na aliyeinua begi wa kwanza na kuanza kupanda nilikuwa mimi vilevile.

Nusu saa ikawa saa moja na robo. Kileleni tukakaa dakika ishirini tunapiga picha. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na tukaona unapendeza, ukatiwa kwenye picha. Tulipoanza kushuka ikaanza mvua, na mawe ambayo asubuhi yalishika soli vizuri yakawa kama yamepakwa sabuni. Tochi tulikuwa nazo mbili kwa watu watano, moja betri yake imebaki ya kumulika vidole vya miguu tu.

Saa moja na nusu usiku, kwenye kona nyembamba, mwenzetu wa tatu akateleza. Sikumwona akianguka. Nilisikia changarawe, kisha begi likigonga mwamba mara mbili, kisha kimya. Tukamwita. Kimya. Tukamwita tena, akaitika kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Alikuwa amenaswa na kichaka, mita nne au tano chini ya njia, kifundo cha mguu kimevunjika. Nilipomulika nyuma ya kile kichaka, mwanga haukupata pa kutua.

Tulimbeba kwa zamu, tukafika geti la hifadhi alfajiri. Alipona. Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kusema sikio la kufa halisikii dawa. Siipendi methali hiyo ikitumiwa hivi. Masikio yetu yalikuwa mazima. Dawa tuliisikia, tena tuliitengeneza wenyewe na kuiandika kwa kalamu. Kilichotushinda ni kuinywa, wakati kilele kiko mbele ya macho.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue viatu gani kabla ya kwenda hifadhini, namjibu haraka haraka halafu namuuliza: utageuka saa ngapi, na nani mwingine anaijua saa hiyo?

Kwanza tuondoe hofu zisizo na faida. Wengi wanaoingia hifadhi za taifa huogopa wanyama. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, ambayo imekuwa ikihesabu vifo vya wageni wake kwa miaka mingi, hurudia visababishi vile vile vitatu vya vifo vya ajali: magari, kuzama majini na kuanguka. Dubu na nyoka wako mbali sana chini ya orodha. Gari sitalizungumzia sana, zaidi ya kusema kwamba mtu aliyetembea tangu usiku wa manane hapaswi kushika usukani jioni hiyo hiyo. Maji na kuanguka ndivyo vinavyohusu uamuzi wa dakika moja.

Pale Yosemite, California, kuna maporomoko yanayoitwa Vernal, yenye kimo cha karibu mita 97. Juu yake mto unapita taratibu, unaonekana wa kuchezea watoto, na kuna uzio wa chuma. Mwezi Julai 2011 watu watatu waliokuwa kwenye kundi moja waliuvuka uzio ule, mto ukawachukua, wakapita ukingoni huku watu wengine wakiwatazama. Unaposoma habari kama hiyo ni rahisi kujiambia wewe si wa hivyo. Mimi ni wa hivyo. Niliwahi kuvuka uzio kwenye maporomoko mengine, madogo zaidi, kwa sababu kule upande wa pili mwanga ulikuwa mzuri. Askari wa hifadhi aliniona. Hakufoka. Alinisubiri nirudi, akaniambia niinue mguu nitazame soli. Ilikuwa ya kijani, imepakaa ule utelezi wa mwani ambao ukiwa juu ya mwamba uliolowa hauuoni kabisa. "Umerudi kwa bahati," alisema, akaendelea na doria yake.

Habari ya picha usiidharau. Watafiti waliokusanya taarifa za habari duniani kati ya Oktoba 2011 na Novemba 2017 walihesabu watu 259 waliokufa wakijipiga selfi, na kuzama na kuanguka vilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu. Kanuni yangu ni ya kizembe lakini inafanya kazi: nikitembea, simu iko mfukoni. Nikitaka kupiga picha, nasimama kwanza, nahakikisha miguu yote miwili imetulia, ndipo naitoa. Kurudi nyuma huku unatazama kioo cha simu, hapana. Hata hatua moja.

Makorongo yana ujanja wao. Mvua inayokuua korongoni mara nyingi haikunyeshei wewe. Inanyesha kilomita nyingi juu, wewe huku uko chini ya anga la buluu. Katika Hifadhi ya Hell's Gate, Kenya, vijana saba wa kundi la kanisa walikufa namna hiyo Aprili 2012. Septemba 2019 maji yakaja tena katika hifadhi hiyo hiyo, wakafa watu saba, akiwemo mwongozaji wao. Katika Hifadhi ya Zion, Utah, Septemba 2015, kundi la watu saba lilishuka kwenye korongo jembamba linaloitwa Keyhole na hakutoka hata mmoja, ingawa walikuwa wameshaambiwa kwamba siku hiyo mafuriko yanatarajiwa. Zingatia kwamba kwenye mkasa mmoja alikuwepo mwongozaji, na kwenye mwingine kulikuwa na onyo. Kuwa na mwenyeji au kuwa na taarifa kunasaidia tu kama kuna mtu yuko tayari kuvunja safari.

Kwa hiyo getini uliza mvua inanyesha wapi huko juu, si kama inanyesha hapa. Ukiwa ndani, tazama rangi ya maji. Yakitoka weupe yakawa ya udongo, au yakianza kuleta vijiti na majani, au ukisikia mngurumo usioujua, usitafute uthibitisho. Panda juu ukutani popote panapopandika. Usikimbie kufuata korongo kuelekea chini, kwa sababu huwezi kushindana nalo mbio, na begi liache. Maji yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima hata kama hayajamfika magotini.

Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani, ni mlima uliopinduliwa, na nadhani hapo ndipo penye mtego wake. Mlimani unachoka ukiwa unapanda, kwa hiyo mwili wenyewe unakukumbusha kugeuka. Kule unaanza kwa kushuka. Asubuhi kuna ubaridi, miguu myepesi, unafurahi, unaendelea. Kutoka ukingo wa kusini hadi mtoni unakuwa umeshuka takriban mita 1,400, na wakati wa kiangazi joto la chini hupita nyuzi 40. Nusu ngumu ya safari unaikuta mwishoni, jua likiwa kali na maji yakiwa yamepungua. Askari wa pale wana msemo wao kwamba kushuka ni hiari, kupanda ni lazima, na hifadhi inawasihi watu wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi kwenye njia ya kushuka kwanza hugeuka theluthi ya maji inapoisha. Si nusu, theluthi, kwa sababu kupanda kunataka mara mbili ya kushuka. Na usinywe maji matupu siku nzima bila kula kitu chenye chumvi. Chumvi ya mwili ikishuka sana mtu huchanganyikiwa na kutapika, wenzake wakamwongezea maji wakidhani wanamsaidia.

Hewa nyepesi nayo ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona watu wenye nguvu wakijimaliza. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Sasa chukua Kilimanjaro, njia ya Marangu, na kambi zake za kulala: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Ni mita elfu moja kila usiku, karibu mara mbili ya ushauri. Ndiyo maana wanaojali hulala Horombo siku mbili. Ndiyo maana pia waongozaji wanasema pole pole mpaka unachoka kuisikia. Kijana wa mazoezi huona polepole ni ya wazee. Anawapita watu, anafika kambini mapema, na usiku kichwa kinampasuka. Ugonjwa huu wa hewa nyepesi haumwogopi mwenye misuli. Mwenye misuli anapata tu uwezo wa kuufuata haraka zaidi.

Kichwa kikiuma, usipande zaidi mpaka kipoe. Mtu akianza kuyumba, mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, au akihema na kukohoa huku amekaa tu, anashushwa saa hiyo hiyo. Hata kama ni saa tisa usiku, na hata kama yeye mwenyewe anakataa. Ubongo unaokataa ndio huo huo ulioanza kuvimba. Tumelelewa kuambiwa mvumilivu hula mbivu, na maisha mengi yanakwenda hivyo. Juu ya mita 4,000 mvumilivu anaweza kufa hemani.

Kwa nini basi watu wanaojua yote haya bado wanaendelea? Mmarekani Ian McCammon alichambua ajali 715 za maporomoko ya theluji zilizotokea kati ya 1972 na 2003, akakuta kwamba mafunzo peke yake hayakuwaokoa watu. Walinaswa na mambo ya kibinadamu: mahali wamepazoea, wameshajiwekea nia, wanamfuata anayeonekana kujua, wanaona watu wengine wapo, wanataka kuonekana wa maana. Nilipoyasoma nilicheka kwa uchungu, maana nilituona sisi watano kwenye lile bega la mlima. Mmoja alikuwa ameshapanda kule mara tatu. Mmoja alikuwa ametangazia ofisi nzima. Wawili walikuwa wananifuata mimi. Na mimi nilikuwa naona migongo ya kundi jingine huko juu, nikajisemea kama wao wanapita, kuna nini?

Tena hatukuwa wageni wa kosa hilo. Everest, kwa upande wake wa Nepal, iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha. Mwezi Mei 1996 kulikuwa na wapandaji waliojua kabisa kwamba saa nane mchana ndiyo ya kugeuka. Wapo waliofika kileleni baada ya muda huo, wakiwa na waongozaji wazoefu sana duniani. Dhoruba ikaja, watu wanane wakafa. Kama saa nane iliwashinda wale, ingeshindwaje kutushinda sisi?

Tangu usiku ule nimebadilisha vitu vichache. Saa ya kugeuka siiandiki tena kwenye ramani yangu, naituma kwa mtu aliyebaki nyumbani, pamoja na jina la njia, idadi yetu, na saa ambayo asiposikia sauti yangu apige simu hifadhini. Aron Ralston, aliyebanwa mkono na jiwe korongoni huko Utah mwaka 2003, hakuwa amemwambia mtu anakwenda wapi. Alikaa siku tano, akajikata mkono mwenyewe ili atoke. Pili, kila mtu anabeba tochi yake, hata kama tunatarajia kurudi saa tisa alasiri. Tatu, na hili ndilo lililogombanisha kundi letu zaidi: mmoja akisema tugeuke, tunageuka wote, hakuna kuulizana sababu mpaka tufike getini. Mwanzoni watu waliona itatumiwa na wavivu. Haijawahi. Kinachotokea ni kwamba yule mkimya, ambaye huona wingu kabla ya wote, sasa hulisema.

Mwaka jana tulirudi kwenye mlima ule ule, yule wa kifundo naye alikuwepo. Saa nane ilitukuta chini kidogo ya lile bega. Anga lilikuwa safi, hakuna upepo, miguu ina nguvu. Yeye ndiye aliyetazama saa, akasema, "Basi." Tukageuka. Tulishuka saa nne nzima jua likituwakia mgongoni, hakukunyesha hata tone, na nilimkasirikia njia nzima. Getini tukakutana na kundi lililotupita asubuhi. Walikuwa wamefika kileleni na kurudi salama, wanaonyeshana picha. Akaniuliza kama naweza kumfungulia kamba ya kiatu, kwa sababu kile kifundo kikishuka muda mrefu bado kinavimba.